Mgeni wa Kihiu

Ruthimitu imo ndani ya Nairobi
kama kokoto ndani ya kiatu:
mwenye mguu anaijua,
ramani haina habari.

Njia ni moja. Ua wa kaiyaba kushoto,
ua wa kaiyaba kulia,
na miiba inayosikia kila kitu.
Ukikohoa kwa Mbugua saa moja,
saa mbili kwa Waithera wanakuchemshia tangawizi,
saa tatu umeshalazwa,
saa nne wanauliza mazishi ni lini.

Mimi ni wa duka.
Sukari ya kupima, mafuta ya kumimina, kiberiti.
Miaka kumi na tisa nipo hapa
na bado naitwa mgeni wa Kihiu.
Kihiu mwenyewe tulishamzika;
misumari ya jeneza ilitoka kwangu, kwa mkopo.

Daftari langu linawajua kuliko padri.
Nyakeru hakopi, hutuma mtoto akope.
Mwalimu Gachie hulipa deni lote mwisho wa mwezi
kisha husimama pale mlangoni
akingoja nimshukuru.
Kibathi na nduguye Muiruri hawajasemezana
tangu mpaka wa shamba uhame hatua mbili.
Mmoja hununua chumvi asubuhi, mwingine jioni,
na kila mmoja huniuliza, akitazama kando,
kama yule mwingine bado anakohoa.

Halafu ghorofa zikaja,
saba kwenda juu, palipokuwa na migomba ya Waithera.
Waliohamia hushuka alfajiri na nyaya masikioni,
hurudi usiku na mkate wa mjini.
Hatuwasalimu. Hawatusalimu.
"Hao ni watu wa juu," alisema Nyakeru,
akatema makapi ya muwa.

Jumanne usiku ng'ombe wa Kibathi akashikwa na uchungu:
mguu mmoja wa ndama nje, wa pili umekataa.
Stima ikapotea, kama desturi yake ikihitajika.
Koroboi yangu ikazimwa na mvua.
Muiruri akapenya ua, na miiba yote ile,
akashika kamba bila salamu.

Ndipo mwanga ukashuka.
Kwanza mmoja, ghorofa ya tano.
Kisha wa tatu, wa kumi,
simu zimenyooshwa nje ya vyuma vya roshani,
mikono tusiyoijua majina,
hadi zizi likang'aa, tope na kwato na nyuso zetu.
Sauti ya msichana ikapasua mvua:
"Msivute! Mrudisheni ndani kwanza!
Kwetu Sotik humrudisha ndani,
ndipo unautafuta mguu!"

Tukatazamana.
Wakamrudisha.

Siku ya nne alishuka na chupa, akiuliza maziwa,
viatu vyake vyeupe vikiichagua njia.
Nyakeru alikuwa pale, bila shaka.
"Na wewe ni wa nani?"
Binti akafungua mdomo, akaufunga.
"Huyu?" nikasema. "Ni mgeni wangu."
Nikafungua ukurasa mpya,
nikaandika *Chelang'at, nusu lita*,
mwandiko wangu ukayumba kidogo.

Kibathi na Muiruri? Bado hawasemezani.
Ila jana jioni Muiruri alichukua chumvi,
akafika mlangoni, akageuka nusu:
"Andika kwa Kibathi."

Nimeandika.