Imenigusa

Mtaani walimwita Halimosi.
Jina lenyewe, Halmos Ödön, lilitukwama kooni
kama mwiba wa mbuta.
Alikuja kufunga mitambo ya kiwanda cha biskuti,
mkataba wa miaka miwili, Eneo la Viwanda.
Kiwanda kikafa. Yeye akabaki Kaloleni
na goti bovu, na redio, na kitara
alichokivingirisha katika kanga ya mwanamke
ambaye hakumtaja.

Jua liwe, mvua iwe, shati la mikono mirefu,
vifungo vimefungwa hadi kwenye vifundo.

Jumamosi aliwanolea visu wauza nyama wa Burma.
Hakutaka pesa. Wakamtania:
Mzee, mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama!
Akacheka, akabeba maini robo,
akampa paka.

Jioni ukumbi ulikuwa wetu,
tukishapanga viti vya chama cha mazishi.
Barakoa mbili, watoto kumi na mmoja.
Vitara vyetu vya kwanza vilikuwa antena za televisheni.
"Kwamboka, magoti! Kwamboka, unafukuza kuku?"
Mkono wake ulisogea kidogo tu,
kama wa mtu anayegeuza ufunguo,
na tayari nilikuwa nimekatwa bega,
shavu, bega tena.

Sheria yake ilikuwa moja:
ukiguswa, inua mkono wa kushoto, sema, "Imenigusa."
Mwamuzi asipoona, sema.
Aliyekugusa asipojua, sema.
Nilidhani ni adabu za kwao tu,
kama kula viazi kwa uma.

Kisha ule mwezi stima ilipopotea siku tatu
akavuta mkebe wa Kimbo chini ya kitanda.
Misumari. Pasi ya kusafiria iliyoisha muda.
Medali, njano kama ute wa yai.
Alisimulia kwa mshumaa, maneno yakichechemea:
baba fundi viatu, Budapesti;
ukumbi uliokuwa zizi la farasi,
hatua mbele, hatua nyuma,
hadi mbao zikachimbika kijia.
Halafu fainali. Nne kwa nne.
Hakukuwa na mashine wakati huo,
waamuzi wanne tu pembeni, macho manane.
Kitara cha Mwitaliano kikamlamba kifundo.
"Hapa. Nilisikia baridi.
Macho manane hayakuona.
Nikanyamaza, pumzi moja.
Kisha nikashambulia."

Akafunika mkebe.
"Miaka arobaini na sita, Kwamboka.
Hata Januari. Hata Nairobi. Baridi."

Mimi fainali yangu ilikuwa Kasarani,
kumi na nne kwa kumi na nne,
na Wangeci wa Dagoretti, mrefu, mwepesi, mbaya.
Shilingi elfu thelathini kwa mshindi:
kodi ya miezi minne, na deni la mama dukani.
Pindo la glavu yangu lilikuwa limechakaa,
nyuzi zake za chuma zimekufa,
kwa hiyo aliponikata kifundo
taa haikuwaka.
Wangeci akaitazama mashine.
Mwamuzi akaitazama mashine.
Halimosi, safu ya tatu, hakuitazama mashine.

Pumzi moja ni ndefu sana, nawaambia.
Ndani yake mna mama, mna mwenye nyumba,
mna muuza duka na daftari lake.
Mkono wa kushoto ulikuwa dumu la lita ishirini.
Nikaubeba.

Walipiga makofi, ndiyo, lakini si mengi.
Mama hakusema nami hadi Jumanne:
"Kwani ni nani aliona?"
Sikuwa na jibu. Bado sina la kumtosha.

Mzee naye hakunipongeza.
Jumatatu alikuwa mlangoni akigombana na kufuli,
"Kwamboka, magoti!" kabla hata sijavua sweta.
Ila mkono wa shati, wa kulia,
ulikuwa umekunjwa hadi kiwiko,
kifundo kiko nje, cheupe kama unga.
Alisema ni joto.
Ilikuwa Julai.