Damu ya Mzee

Nusu saa kwanza. Kioo kiwake, kipate joto,
kama chuma cha chapati kabla ya mkono wa kwanza.
Nimefunga dirisha linalotazama msikiti,
nimevua shati jekundu, nimevaa la kijivu,
maana hata shati huingia kwenye picha
na kudai fungu lake.
Karisa yuko mlangoni na soda yake:
"Leo wafunga duka ama wafunga ndoa?"

Kipima rangi nimekinunua Mombasa, mkono wa pili,
cheusi, kidogo kama kifuu,
jicho moja tumboni.
Nakining'iniza kwa waya wake mbele ya kioo,
kilale bapa, mwanga usichungulie pembeni.
Kinauliza, kioo kinajibu:
nyekundu. Kijani. Buluu.
Jivu, jivu jingine, jivu la chini kabisa ya jiko.
Nyeupe.

Kesi iko hapo, kwenye nyeupe.
Ya chokaa? Ya tui la kwanza?
Ya kanzu ya Ijumaa iliyosuuzwa kwa buluu?
Ya sanda?
Kila moja ni nyeupe hadi uilaze kando ya mwenzake.

Ilitakiwa elfu sita na mia tano.
Changu kilisoma elfu tisa na ushei.

Nikaketi.
Miaka mitatu kioo kilinionyesha mabibi harusi wa kibuluu,
nami, fundi hodari, nikawatibu:
manjano kidogo, nyekundu kidogo, chapa.
Sasa wako ukutani, Shella, Maweni, Barani,
juu ya makochi, ndani ya fremu za dhahabu,
wasichana wa maji ya kunde
niliowapaka binzari bila kujua.
Mmoja tu alirudi. Alisema, "Huyu si mimi."
Nikamjibu, "Ni taa za ukumbini, dada."
Akalipa. Hata risiti hakuichukua.

Kioo kilipokubali kusahihishwa, nilikichukia.
Dunia nzima ilikuwa kama karatasi iliyomwagikiwa chai.
Nikatoka, nikanunua viazi karai, nikala nimesimama.
Niliporudi chai ilikuwa imekauka.
Jicho nalo lina ukaidi wake, na lina kusahau kwake.

Baada ya alasiri akaja Bi Mwanajaa
na kipande cha leso kisichozidi kiganja,
pindo lenye korosho moja na nusu.
Leso ya fungate ya dada yake, marehemu Nuru.
Mwanawe Nuru anaolewa, na leso itarudi, doti moja, mpya.
Sampuli yangu ya kwanza aliikunja akanirudishia:
"Hii ni pinki. Nilikuambia damu ya mzee."

Safari hii nilikuwa tayari.
Nikawasha taa nyeupe, nikakishika kitambaa ubavuni mwa kioo,
na mpaka kati yao ukapotea.
Sikujigamba. Karibu nijigambe.

Bi Mwanajaa alitazama kwa muda.
"Hiyo ni rangi ya kitambaa," alisema.
"Leso haikuwa hivyo.
Hiki kimefuliwa miaka ishirini na sita,
kimeanikwa jua la Malindi.
Siku aliyoivaa ilikuwa nzito,
ungeigusa ungechungulia kidole chako."

Mimi sina chombo cha kupimia siku hiyo.

Nikamvutia kiti.
Nikaishusha nyekundu, pole pole, mguu baada ya mguu.
"Bado."
Alikuwa anafumba macho kwanza,
kisha anafumbua na kutazama.
"Bado.
Umepita. Rudi.
Rudi tena kidogo.
Hapo."

Sikubishana, wala kipimo sikukigusa,
kilikuwa kimelala mezani, jicho chini.
Nikachukua kalamu, nikaandika kwenye daftari,
chini ya tarehe na namba za kioo,
namba zingine tatu,
na mbele yake: *kwa kauli ya Mwanajaa*.

Kioo nitakipima tena mwezi ujao; huwa kinateleza.
Karisa akauliza kama sasa anaweza kufungua dirisha.
Nikamwambia angoje, mama bado anatazama.