Mwanga Huu, Mwanga Huyu

Habari ilianzia kwa Bi Mwanasiti, nyumba ya pili,
aliyeniuliza kwa nini nimeziba dirisha kwa karatasi nyeusi.
Nami, gundi vidoleni, nikamjibu bila kugeuka:
"Napiga picha mwanga."

Kufika adhuhuri, Barabara ya Kumi na Mbili yote inajua.
Kufika alasiri, mjumbe wa nyumba kumi yuko barazani,
kofia mkononi, ananiuliza kwa adabu:
"Mwanangu, hao wanga unaowapiga picha,
ni wa hapa hapa Ngamiani, au wanatoka Makorora?"

Nilicheka. Halafu nikaona hacheki.
Nikamweleza kwa ngeli, kama mwalimu wa darasa la tano:
si mwanga huyu, mzee. Mwanga huu.
Huyu hutoka usiku, na ungo wake.
Huu hauna hata miguu.

"Basi nionyeshe."

Nikamwingiza chumbani, nikafunga mlango.
Nikamwambia asubiri macho yazoee.
Ile karatasi nimeitoboa tundu moja
kwa msumari wa inchi tatu,
na kwa tundu lile barabara nzima ikaingia
bila hodi:
baiskeli zikipita karibu na dari, magurudumu juu,
kanga za Bi Mwanasiti zikining'inia kuelekea juu,
mtoto akipiga danadana, mpira ukimwangukia mguuni
kwa kupaa,
na mbingu, mbingu yote ya saa kumi,
imemwagika chini ya ukuta
mpaka kwenye ndala za mjumbe.

Akanyoosha kiganja.
Baiskeli nyekundu ikakipita, ikapanda mkono wa kanzu,
ikapotelea kwapani.
Alikikunja kiganja polepole.
Akakifungua.

Mjomba wangu Semboja alipiga picha za paspoti
miaka thelathini na mmoja. Kaa wima. Kidevu juu. Usicheke.
Kwake mwanga ulikuwa kibarua:
unaitwa, unaosha sura ya mteja, unazimwa.
Hakuna aliyewahi kuuliza umelala wapi.
Aliniachia kigoda, balbu nyekundu,
na maboksi matatu ya karatasi za picha
zilizokwisha muda kabla sijazaliwa.

Hazifai kwa sura ya mtu.
Nazipandisha juu ya bati asubuhi,
nalaza juu yake uzi mmoja wa mkonge,
na kufika saa ya kutoka msikitini
karatasi imeiva rangi ya zambarau lililopondwa,
na pale uzi ulipolala pamebaki mstari mweupe,
mwembamba, umepinda kama mtu anayejigeuza usingizini.
Dawa ya kuituliza sina.
(Neno hilo, dawa, sikulitamka mbele ya mjumbe.)
Kwa hiyo kilichoichora ndicho kitakachoila.
Nazifungia kabatini, nazitazama kwa kufumba na kufumbua,
kama anayechungulia mgonjwa.

Mlangoni mzee akavaa kofia, akaivua tena.
"Unasema huu.
Mbona unaingia pasipo mlango?
Unapindua watu vichwa chini,
unawabandika ukutani wakiwa hai,
unaondoka, nyayo hakuna.
Sisi tuliolelewa huku Tanga, kitu cha namna hiyo
hatukukiita huu."

Nilitafuta ngeli. Sikuipata.
Tangu siku ile, ninapopanda kwenye bati
natanguliza shikamoo, kimoyomoyo,
na sijui namwamkia nani.

Jumatatu alinitumia barua kwa mkono wa mjukuu,
imeandikwa kwa kalamu ya wino, imegongwa muhuri:
*Mhusika anapiga picha mwanga. Asibughudhiwe.*
Hakuandika huu. Hakuandika huyu.
Nimeibandika dirishani, kando ya tundu,
ili kila anayepita aisome.

Muhuri ulikuwa wa zambarau.
Leo, upande wa jua,
umeanza kupauka.