Pombe Chapwa

Kiangazi hiki mvua imevisahau vilima vya Yorkshire.
Malisho ya Garbutt yamekauka, rangi ya mkate wa juzi,
ndipo Anskelby ikajichora yenyewe:
kijani palipokuwa na handaki,
manjano palipolala misingi ya mawe.
Njia. Ua. Kisima. Mlango wa mtu.

Garbutt si mtu wa maneno. Anaonyesha kwa fimbo:
hapa kanisa, hapa bwawa la samaki wa bwana,
hapa kondoo hupenda kulala upepo ukivuma,
kwa nini, hajui.
Nadhani ni jikoni. Ukuta uliokufa bado unakinga.

Fuko ndiye mchimbaji pekee asiyeomba kibali.
Asubuhi, juu ya kifusi chake, kigae cha chungu,
na kwenye kigae alama ya kidole gumba,
ndogo, labda ya mtoto aliyeambiwa: shika hapa, usiachie.
Nikaweka changu. Hakikuenea.

Katika daftari la bwana, lililosalia kwa sababu deni halizikwi,
kila jina lina kosa lake.
Wulmar: nguruwe wake kaingia shambani mwa padri.
Gunnild: kaolewa bila ruhusa.
Hawise, mjane wa Alger: peni mbili,
kwa kuuza pombe chapwa.
Basi. Maisha mazima, na kilichovuka miaka mia sita
ni kwamba siku moja alizidisha maji.

Watu husema tauni. Tauni ilipita, kweli, ikabeba nusu,
lakini waliobaki walipanda shayiri mwaka uliofuata.
Kilichowahamisha ni hati moja:
sufu imepanda bei, na kondoo hawadai mapaa.

Nikamsomea Garbutt. Akaicheka ile pombe,
kisha akanyamaza, akamtazama mbwa wake.
Naye ana barua, juu ya meko, nyuma ya saa.
Shamba limeuzwa. Mwisho wa Septemba awe ametoka.
Doreen, mkewe, ameshafunga vikombe kwa magazeti.

Jioni likaja wingu kutoka magharibi, matone mazito,
dakika ishirini hivi.
Wiki ijayo nyasi zitafuta kila kitu.
Garbutt akasimama mlangoni mwa Hawise
(pale tulipokubaliana kuwa ni mlango),
akavua kofia,
akaingia kwa kuinama kidogo,
kama mtu mrefu aingiavyo nyumba fupi.