Shingo Upande

Nestan, ghorofa ya nne, Tbilisi,
anahesabu chupa za mvinyo za watu wengine
tangu saa mbili.
Shingo imemtangulia,
kama ya kobe anayenusa mvua.

Hakuna aliyemlazimisha, lakini
kazi yote anaifanya shingo upande.

Leo kaona kivuli chake ukutani: mundu.
Akacheka. Kisha hakucheka.

Akatoa kabatini sheria za kodi,
juzuu tatu zisizosomwa na mtu,
akaipandisha skrini hapo
mpaka wakatazamana jicho kwa jicho.
Kreti tupu chini ya nyayo.
Enyi mabega, shukeni.

Dirishani, mlima wenye theluji.
Kumbe ulikuwapo siku zote!
Alipojinyoosha kuutazama
mgongo ukalia ko!
kama chupa inayozibuliwa,
ya kwanza leo ambayo hakuiandika.