Taa ya Behewa

Tunakaa Mwanga, Kigoma, na mwanga wenyewe
nimeununua kwa bei ya gunia la mpunga.

Ilianza na gamba.
Butoyi alilibonyeza kwa kidole gumba, akaniita:
"Baba, Behewa amekuwa laini."
Laini kweli, kama mkate uliolowa chai.
Kobe wa mtaroni, tuliyemwokota nyuma ya stesheni
mwaka ule mvua zilipokata reli;
tukamwita Behewa
kwa kuwa anatembea na chumba chake
na hana kichwa cha kumvuta.

Nilidhani kosa ni baridi.
Nikamtundikia taa ya vifaranga, ile nyekundu.
Akapanda juu ya tofali, akanyoosha shingo,
miguu ya nyuma ikalegea kwa raha.
Wiki tatu. Joto tele,
gamba bado mkate.

Nikalisogeza beseni dirishani.
Ntakije, fundi umeme, alipita kudai pesa zake, akacheka:
"Kioo hicho kinakuchezea.
Kinapitisha nuru, kinapitisha joto,
kile kinachokaza mfupa kinabaki nje,
mgeni amepiga hodi, hakuna wa kumfungulia."
Akaniandikia nyuma ya risiti: taa ya urujuanimno.

Neno hilo nalijua.
Limo kwenye daftari la kliniki la Butoyi,
chini ya mafuta ya ngozi, kofia pana, mikono mirefu.
Binti yangu ana ualbino.
Miaka tisa naufukuza mwale huohuo
kwa pazia, kwa mwavuli,
kwa mipapai niliyoipanda upande wa magharibi;
leo niuagize, niulipie na nauli,
niuingize chumba anacholala?

"Si umtoe nje tu," alisema mama yake,
"jua la Mungu halina risiti."
Nje kuna mwewe, kuna mbwa wa jirani.
Butoyi alikuwa anachambua mchicha wa kobe.
"Nje ni kwake," alisema, "si kwangu."
Hakurudia.

Taa ikaja kwa treni kutoka Dar,
imeviringishwa sponji na khanga kuukuu,
mrija mweupe, mwembamba,
nikaubeba kutoka stesheni kama mtu aliyebeba yai la kuazima.

Ntakije akaja na futi yake.
Balbu ya joto juu ya tofali:
kipimajoto kisome thelathini na mbili, kisizidi.
Mrija pembeni yake, shubiri moja na nusu kutoka mgongoni,
ukiwa mbali ni pambo, ukiwa karibu unaunguza macho.
Usiku zima zote. Hata kobe anadai giza lake.

"Na mtoto?" nikauliza.
Akanyamaza. Akatazama dirisha,
dirisha lilelile,
kisha mimi nikaliona alichokiona.

Tuliling'oa Jumamosi.
Sanduku la mninga, pande tatu mbao,
kifuniko kinachobana,
na upande wa nne kile kioo, kimezibwa kingo kwa gundi.
Kilichomnyima Behewa
ndicho kinachomkinga Butoyi.
Akiwa upande wake na kofia yake, kwa mazoea,
kobe upande wake amejianika,
wanatazamana kama abiria wa treni mbili
zilizopishana zikasimama.

Juzi aliingiza mkono, taa zikiwa zimezimwa,
akagonga gamba kwa kucha.
Likajibu: ko, ko.

Sisemi tumemaliza.
Umeme ukikatika namfunika gunia.
Na Ntakije ameniachia la kunikosesha usingizi:
mrija huu utakufa huku unawaka.
Weupe utabaki, mwale utakuwa umeondoka,
na jicho halitajua.

Nimeandika tarehe kwenye kikonyo chake kwa kalamu nene.
Mwezi wa Disemba,
uwake usiwake,
gunia jingine.