Kiwimbi Juu ya N

Kiwandani wanakochinja kuku, Arkansas, nje ya mji
wenye makanisa tisa na taa moja ya barabarani,
Hortensia alipewa kitambulisho cha plastiki:
picha yake, namba yake, na PENA.
"Kuna kiwimbi juu ya N," alimwambia karani.
Karani akatazama kompyuta, akatazama saa.
"Mashine haina hicho."

Basi.
Kitu chembamba kama unyusi wa kichanga,
mashine haina.

Kwa lugha ya mama yake, jina lenye kiwimbi ni jabali,
mwamba uliosimama peke yake kondeni.
Likivuliwa kiwimbi, ni huzuni.
Miaka kumi na tisa anaivaa huzuni kifuani,
imebanwa kwa klipu.

Tulisimama mstari mmoja, yeye kwenye mapaja, mimi kwenye mabawa.
Nikamwambia: kwetu sauti ile tunaiandika kwa herufi mbili,
N na Y, na jina lako likitamkwa sawasawa
ni amri: penya.
Alicheka mpaka msimamizi akageuka.
"Sema tena."
Penya.
"Ndicho wanachodhani nilifanya," akasema, anafuta kisu.
"Mimi niliingia mlangoni, na homa, na mihuri mitatu.
Dada yangu hakupita mlangoni.
Mpaka leo hakuna aliyeuliza ni yupi kati yetu."

Jumamosi, foleni ya duka. Anazungumza na mamake kwa simu,
habari za goti, habari za mbuzi aliyekula soksi.
Nyuma yake mwanamume mwenye kofia ya kuwindia bata,
katoni tatu za mapaja kwenye toroli.
"Hapa tunasema Kiingereza."
Hasemi kwa ukali. Anasema
kama anayemkumbusha mtu kufunga zipu.
Hortensia anayatazama mapaja.
Anaijua ile mikato: huu ulioinama kidogo ni wake, mtu wa shoto.
Kazi ya mkono wake italala leo tumboni mwa bwana huyu
na hakuna atakayeshukuru, kwa lugha yoyote.

Kunya anye kuku; akinya bata, kaharisha.
Mtoto wa mchungaji alipoangusha nguzo ya umeme kwa gari,
mji ulisema: ujana.
Nicanor wa Hortensia alipochelewesha kitabu cha maktaba siku mbili,
watu wakaulizana kama hao wana desturi ya kurudisha vitu.
Na mvua ya mawe ilipotoboa mapaa mwezi wa nne,
simu ya Evaristo, mumewe, haikupoa: njoo, njoo upesi, bwana.
Mgeni njoo mwenyeji apone.
Siku tatu alipigilia misumari juani, magoti kwenye lami ya moto.
Mwenyeji alipona.
Akahesabu noti, akauliza, kwa upole kabisa,
mgeni anarudi lini kwao.

Sasa Hortensia huficha kalamu ya wino mzito ndani ya soksi.
Kabla ya zamu anachora kiwimbi juu ya N.
Klorini hukila kabla ya saa nne.
Anakwenda chooni, anachora tena.
Nilimuuliza kwa nini asiache.
Akaniuliza mimi kwetu ningeacha Y.

Jana mlinzi mpya alimsimamisha getini.
Kijana tu, shingo imeungua jua, hakuwa mtu mbaya.
"Mama, kitambulisho chako kina uchafu."
Akatoa leso mfukoni,
akailowesha kwa mate, akainama kumsaidia.

Hortensia akalifunika jina lake kwa kiganja.